Mali Bila Daftari: Maji ya Umma Yahitaji Mageuzi Yale Yale

Desemba 1991 Bunge lilifuta kifungu cha 2A cha Katiba ya wakati ule, na Kenya ikarejea katika siasa za vyama vingi. Sehemu hizi zetu hazikuwa watazamaji katika vita hivyo. Marehemu Masinde Muliro alikuwa miongoni mwa wazee sita walioanzisha FORD mwaka huo huo, na marehemu Michael Wamalwa Kijana wa Saboti akakiongoza FORD-Kenya baada ya kifo cha Jaramogi Oginga Odinga mwaka 1994. Makanisa nayo yalisimama imara. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipofukuzwa kwa rungu na vitoa machozi katika bustani ya Uhuru, walipata hifadhi katika Kanisa la Watakatifu Wote jijini Nairobi. Hao wote hawakuteseka ili karatasi ya kura iwe na alama nyingi za vyama. Waliteseka kwa ajili ya kanuni moja, kwamba mwenye mamlaka hana budi kutoa hesabu kwa wale aliowekwa kuwatumikia.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kanuni hiyo haijafika mferejini. Tumezoea kumhoji mbunge, gavana na mwakilishi wa wadi. Ni wachache miongoni mwetu wanaoihoji kampuni ya maji. Imesukuma lita ngapi mwezi uliopita? Ngapi zimepotea njiani? Mwenye kioski ameruhusiwa kuuza mtungi kwa bei gani? Ardhi yenye chemchemi imeandikishwa kwa jina la nani? Maadamu maswali hayo hayaulizwi, "maji ya umma" yatabaki kuwa jina tu. Tena ukame na mafuriko tunayoyashuhudia yatampa kila mwenye tamaa kisingizio cha kutunyang'anya hata hilo jina.

Ahadi na umri wake

Mwaka 1974 Serikali ilitoa mpango mkuu wa maji wa taifa. Uliahidi kwamba ifikapo mwaka 2000 kila nyumba nchini itapata maji safi katika umbali wa kadiri. Mwaka 2000 ulikuja ukapita, na mama wa Tuwan bado alikuwa na mtungi kichwani. Ikaja Sheria ya Maji ya 2002, iliyoitoa huduma hii mikononi mwa wizara na kuunda bodi na kampuni. Ndipo ilipozaliwa Kampuni ya Maji ya Nzoia, ili ihudumie miji ya Kitale, Webuye, Bungoma na Kimilili. Mwaka 2010 wananchi walipitisha Katiba mpya, na kifungu cha 43 kikatamka kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Jedwali la Nne la Katiba hiyo likazipa kaunti jukumu la kutoa huduma ya maji na ya maji taka. Hatimaye Sheria ya Maji ya 2016 ikairudia haki hiyo katika kifungu chake cha 63.

Msomaji atambue safari hiyo ilivyokwenda. Mwaka 1974 maji yalikuwa ahadi ya Serikali, na ahadi ya mkubwa hutimizwa apendapo. Tangu 2010 maji ni haki, na haki ina mwenyewe, ina mdaiwa, na ina mahakama. Baina ya mambo hayo mawili pana tofauti kubwa kama ile iliyopo baina ya sadaka na deni. Hata hivyo wengi wetu tungali tunaidai haki hii kwa sauti ya mwombaji.

Maskini hulipa zaidi

Tuwan ni mtaa wa mji wa Kitale wenye nyumba za kupanga zilizosongamana, vyoo vya shimo vilivyochimbwa karibu karibu, na familia ambazo riziki yake hutafutwa kila siku. Mwenye mita ya maji nyumbani mwake hulipa kwa kiwango kilichoidhinishwa, na hulipa mwisho wa mwezi. Asiye na mita hununua kwa mtungi, fedha taslimu. Tufanye hesabu wenyewe. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, nazo hujaza mitungi 50 ya lita 20. Mtungi ukiuzwa shilingi 5, mita moja ya ujazo imegharimu shilingi 250. Ukiuzwa shilingi 10, kama inavyotukia mifereji inapokauka na mikokoteni kuanza kupita, imegharimu shilingi 500. Hakuna tajiri katika mji wowote wa Kenya ambaye kampuni ya maji humtoza kiasi hicho kwa maji ya nyumbani.

Tuendelee. Familia ya watu watano ikijinyima na kutumia lita 20 tu kwa kila mtu kwa siku, itahitaji mitungi mitano kila siku, sawa na mitungi 150 kwa mwezi. Kwa shilingi 5 hiyo ni shilingi 750, na kwa shilingi 10 ni shilingi 1,500. Lita 20 ni za kunywa, kupika na kunawa mikono. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hutaja lita 50 hadi 100 kuwa ndizo zinazomtosheleza mtu kuishi kwa usafi na bila wasiwasi. Kwa hiyo familia yetu imelipa ghali, na bado haijapata ya kutosha. Anayeyabeba maji hayo ni mama na binti, na saa wanazopoteza foleni hakuna daftari linaloziandika.

Pale pesa inapokwisha, watu hurudi kwenye chemchemi. Chemchemi ni neema, lakini katika mtaa uliosongamana ni neema iliyozungukwa na hatari. Maji yake hupita ardhini chini ya vyoo vile vile nilivyovitaja, na macho hayawezi kuviona vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Inafaa tukumbuke kwamba jambo hili lilikwisha kushughulikiwa na wakazi wenyewe. Kati ya mwaka 2001 na 2004 shirika la ITDG, ambalo baadaye liliitwa Practical Action, lilishirikiana na manispaa ya Kitale na wakazi wa Tuwan, Kipsongo na Shimo la Tewa katika kupanga maendeleo ya mitaa hiyo. Wananchi walikaa kitako, wakataja shida zao, wakachagua la kuanza nalo, na maji na usafi yalikuwa miongoni mwa yaliyotangulizwa. Asiseme mtu, basi, kwamba watu wa mitaa ya chini hawawezi kupanga. Kupanga waliweza. Kilichokosekana miaka yote ni wenye mamlaka wa kuendelea kuwasikiliza mradi unapokwisha.

Mbingu zimebadilika

Mto Nzoia hupata maji yake kutoka milima ya Cherangani na Mlima Elgon, hupita Webuye na Mumias, hufika Budalang'i na kuingia katika Ziwa Viktoria. Bonde lake lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 12,900. Cherangani na Elgon ni miongoni mwa minara mitano mikuu ya maji ya Kenya, pamoja na Mau, Aberdare na Mlima Kenya. Msitu wa mlimani hufanya kazi ya benki. Hupokea mvua nyingi wakati wa masika, huihifadhi ardhini, na kuitoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Ukikata msitu umevunja benki. Mvua itateremka yote kwa siku moja, na kiangazi kitakuta hazina tupu.

Sasa ongeza joto. Wanasayansi wanatueleza kwamba hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja ya Selsiasi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Maana yake ni kwamba mvua ikinyesha huja kwa kishindo, na jua likiwaka hunyonya zaidi. Tumeyaona kwa macho yetu. Novemba 2019 maporomoko ya ardhi katika Pokot Magharibi yaliua makumi ya watu. Mwisho wa Julai 2022 mafuriko yaliukumba mji wa Mbale, upande wa pili wa Mlima Elgon, katika nchi jirani ya Uganda. Kati ya mwaka 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua mfululizo ilishindwa kaskazini na mashariki mwa Kenya, kisha mwaka 2024 mvua za masika zikaua zaidi ya watu 200 nchini. Ukame na gharika vimekuwa ndugu wa nyumba moja.

Kwa mtambo wa maji wa mji, hayo yana maana ya moja kwa moja. Mto ukifurika hujaa tope, na kampuni hulazimika kutumia shabu na klorini zaidi, au kusimamisha mitambo kabisa. Mto ukipungua, bomba la kutekea hubaki juu ya maji, na mgao huanza. Mgao ukianza, mitaa ya mwisho wa bomba ndiyo hukauka mapema na kupata maji mwisho. Bomba lililotoboka na kukosa msukumo wa maji ndani hunyonya uchafu wa mtaroni, kisha maji yanaporudi huupeleka uchafu huo mezani kwa watu. Kwa hiyo asiyejenga matangi, asiyeziba mabomba na asiyelinda msitu asiulaumu mwaka mbaya. Mwaka mbaya ulikwisha kutangazwa.

Tukumbuke pia kwamba mto ni mmoja. Maji taka ya mji wa juu ndiyo maji ya kunywa ya mji wa chini. Watu wa Webuye na walio chini yao walilalamika kwa miaka mingi kuhusu uchafu wa kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi katika miaka ya 1970, hadi kilipofungwa mwaka 2009. Walilazimika kuchagua baina ya ajira na mto, uchaguzi ambao serikali inayojali haikupaswa kuwawekea raia wake.

Hatari mbili, si moja

Katika hali hiyo ya shida husikika ushauri kwamba kaunti zimeshindwa na maji yakabidhiwe mwekezaji. Ushauri huu una mvuto, na wanaoutoa si wote wabaya. Tazameni, hata hivyo, yaliyotokea kwa majirani zetu. Mwaka 2003 huduma ya maji ya Dar es Salaam ilikabidhiwa kampuni iliyoitwa City Water, yenye wabia kutoka Uingereza na Ujerumani, kwa mkataba wa miaka 10. Mei 2005 Serikali ya Tanzania iliuvunja mkataba huo ikisema kampuni haikutimiza wajibu wake, na kazi ikarudi kwa shirika la umma. Wabia wakaishtaki Tanzania mbele ya baraza la kimataifa la usuluhishi lililo chini ya Benki ya Dunia. Mwaka 2008 baraza hilo liliamua kwamba Tanzania ilikuwa imekiuka baadhi ya masharti ya kulinda wawekezaji, ila haikupaswa kulipa fidia. Tanzania ilinusurika. Lakini fikirini jambo lenyewe: ugomvi kuhusu maji ya Manzese na Temeke uliamuliwa mbali na Manzese na Temeke, na watu ambao mifereji yao ilikuwa mikavu hawakuwa ndio walalamikaji wala walalamikiwa. Nchi inapotia saini mkataba wa namna hiyo, hutoa ufunguo wa nyumba yake pamoja na maji.

Hapo ndipo baadhi ya wanaharakati wenzangu hutua mzigo, kana kwamba kumkataa mwekezaji ndio mwisho wa kazi. La hasha. Kuna hatari ya pili, nayo imo ndani ya nyumba. Kampuni ya umma isiyotoa hesabu hubinafsishwa kimya kimya bila mkataba wowote. Kazi hutolewa kwa jamaa, zabuni kwa rafiki, na maji kwa mwenye lori. Taarifa za WASREB, yaani bodi inayodhibiti huduma za maji nchini, zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosafishwa na kampuni zetu hayalipiwi, kwa kuwa huvuja, huibwa, au hupita kwenye mita mbovu. Kipimo kinachokubalika ni chini ya asilimia 20. Kwa lugha ya sokoni, katika kila mitungi kumi iliyosafishwa kwa fedha za umma, minne haina mwenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sijui methali nyingine inayoeleza shida ya maji yetu kwa usahihi zaidi.

Haya yanahusu hata mjadala wa mali ya Kampuni ya Maji ya Nzoia baina ya kaunti mbili. Iwe itabaki moja au itagawanywa, mwananchi wa Tuwan na wa Bungoma anahitaji kujua kwanza ni mabomba gani, madeni gani na mitambo gani inayozungumzwa. Ndugu wawili wakigawana shamba usiku bila taa, mmoja ataamka amepata mawe.

Sheria inampa nani nguvu?

Nimefanya kazi ya uwakili kwa muda wa kutosha kujua kwamba wengi huogopa sheria kwa kuwa hawajaisoma. Basi nitaje machache ambayo kila kikundi cha haki na kila baraza la kanisa liyajue.

Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema mito, maziwa na sehemu za vyanzo vya maji ni ardhi ya umma, inayoshikiliwa kwa amana kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Maji ya 2016 inasema matumizi ya nyumbani yatangulizwe mbele ya matumizi mengine yote. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma zenye ubora wa kuridhisha, pamoja na habari anazozihitaji ili anufaike nazo, na kinazitaja wazi huduma zitolewazo na mashirika ya umma. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza njia ya kuziomba. Kifungu cha 47 kinadai kwamba mtu apewe sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa na uamuzi wa ofisi, ikiwemo kukatiwa maji.

Ofisa akisema hana fedha, kifungu cha 20 kinamtaka yeye athibitishe kwamba fedha hazipo. Mzigo huo si wa mama mwenye mtungi. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa niaba ya wengine au kwa masilahi ya umma, na kinasema hakuna ada itakayotozwa kwa kufungua kesi ya namna hiyo. Katika shauri la mazingira, kifungu cha 70 hakimtaki mlalamikaji aonyeshe kwamba amepata hasara. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliodhuriwa na sumu ya risasi kutoka kiwanda cha jirani, walidumu katika njia hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaithibitisha haki yao baada ya hukumu hiyo kupingwa katika rufani. Walikuwa watu wa mtaa wa mabati kama Tuwan.

Sitaki hata hivyo kuwauzia wasomaji matumaini ya bei rahisi. Wakazi wa Phiri, Soweto, walipinga mita za kulipia kabla walizowekewa na jiji la Johannesburg, pamoja na kiwango cha maji ya bure cha lita 25 kwa mtu kwa siku. Oktoba 2009 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba sera ya jiji ilikuwa ya kuridhisha. Walishindwa. Lakini mahakama yenyewe ilikiri kwamba kesi hiyo ililibana jiji lieleze sera yake, liipitie upya na kuirekebisha. Kesi ilifanya kazi ya taa hata pale iliposhindwa kufanya kazi ya upanga. Funzo ninalolipata ni kwamba mahakama haiwezi kuwa mahali pa wananchi waliojipanga. Inaweza tu kuwa chombo chao.

Na nani atalipa?

Msimamizi mwaminifu wa kampuni ya maji atauliza swali la haki. Umeme wa pampu unalipiwa, dawa za kusafishia maji zinanunuliwa, wafanyakazi wana watoto. Nani atalipa? Jibu langu ni kwamba tutalipa sote, kila mmoja kwa kadiri yake. Haki ya maji haina maana ya maji ya bure kwa kila mtu. Ina maana kwamba hakuna atakayekosa maji ya uhai kwa sababu ya umaskini. Kiwango cha kwanza cha matumizi kiwe cha bei nafuu, na mwenye kuosha magari na kumwagilia bustani alipe zaidi. Bei ya kioski isiwe juu kuliko ya mwenye mfereji nyumbani. Ofisi za Serikali zilipe bili zao kwa wakati. Vile vile sisi wenyewe tuache kuwaficha wanaotoboa bomba usiku. Anayeiba maji ya umma hamwibii gavana. Humwibia jirani aliye mwisho wa bomba.

Tujihadhari pia na ukarimu wa wakati wa uchaguzi. Kisima kinachochimbwa wiki tatu kabla ya kura, kikiwa na picha ya mgombea ukutani na bila kamati, bila fundi, wala bajeti ya vipuri, ni hongo iliyochimbiwa ardhini. Pampu itakufa, na mgombea atarudi baada ya miaka mitano kuifufua.

Yatupasayo

Waumini wanakumbuka habari za Isaka katika kitabu cha Mwanzo. Visima vya baba yake vilifukiwa na watu wenye wivu. Akavichimba upya, akagombaniwa kisima cha kwanza, akagombaniwa cha pili, akaendelea hadi akafika palipokuwa na nafasi kwa wote. Nabii Amosi naye, alipotaka kuwaeleza watu jinsi haki inavyopaswa kuwa, hakupata mfano bora kuliko maji yatiririkayo. Maji na haki ni jamaa wa zamani. Kwa hiyo napendekeza mambo matano, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila mtaa uwe na daftari la maji. Vijana wawili au watatu waandike kila siku bei ya mtungi katika kila kioski, siku ambazo mifereji ilikauka, na wagonjwa wa kuhara waliosikika. Daftari la miezi sita ni ushahidi ambao hakuna ofisi itakayoupuuza kwa urahisi.

Pili, tuandike barua rasmi ya kuomba habari, kwa kampuni na kwa kaunti: kiasi cha maji kinachozalishwa, kinachopotea, mapato, madeni, zabuni, na matokeo ya vipimo vya usafi wa maji. Barua iwe na tarehe na nakala igongwe muhuri.

Tatu, chemchemi zote za Tuwan na za mitaa jirani zipimwe na zithibitishwe kuwa ardhi ya umma kabla mtu hajazizungushia ua. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilituonyesha jinsi ardhi ya umma, misitu ikiwemo, ilivyogawiwa watu binafsi. Chemchemi ni kipande kidogo cha ardhi, na vipande vidogo ndivyo huporwa bila kelele.

Nne, tuulinde mlima kutoka huku mjini. Februari 2018 Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na Julai 2023 ikatangaza kuiondoa marufuku hiyo, tangazo ambalo lilipingwa mahakamani. Mwenye mfereji Kitale ana kauli katika jambo hilo sawa na anayeishi kando ya msitu. Marehemu Wangari Maathai alitufundisha, tangu Uhuru Park mwaka 1989 hadi Karura mwaka 1999, kwamba mti na demokrasia hutetewa kwa pumzi moja.

Tano, makanisa yaanze nyumbani. Paa la kanisa ni kubwa, na mvua ya Trans Nzoia si haba. Matangi ya kuvuna maji ya mvua yajengwe, vyoo vya shule za kanisa vikaguliwe, na pale parokia inapouza maji ya kisima chake kwa majirani, bei na mapato yabandikwe mlangoni. Hatuwezi kuidai kampuni daftari ambalo sisi wenyewe hatuna.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo kwa watu waliozoea kupigania katiba. Mimi naona kinyume. Katiba ilikwisha kuandikwa, na kifungu chake cha 43 kinaweza kusomwa na mtoto wa shule. Kilichobaki ni kukiteremsha kutoka kwenye karatasi mpaka kwenye mtungi, na kazi hiyo haitafanywa Nairobi. Vikao vya bajeti za kaunti zetu huitishwa kila mwaka, na kwa desturi viti vingi hubaki vitupu. Kikao kijacho kikitangazwa, watu wa Tuwan wafike mapema, wakae safu ya mbele, na walete daftari.